Siri ya nusu kwa nusu: Kwa nini ndizi ya Kisii haina mbegu, na kwa nini mama halaumiki kwa kuzaa mabinti

KATIKA soko la Daraja Mbili mjini Kisii, mikungu ya ndizi mbichi ni bidhaa isiyokosekana. Mnunuzi huweza kumenya ndizi elfu moja asikute hata punje moja ya mbegu iwezayo kupandwa. Atakachokiona katikati ya ndizi iliyoiva ni vidoadoa vidogo vyeusi tu, mabaki ya mbegu ambazo zilishindwa kuwa mbegu.

Kilomita chache kutoka hapo, kwenye miinuko ya Nyamira, mkulima anayeteua mahindi mazuri zaidi ya mavuno yake na kuyapanda msimu unaofuata hushangaa anapopata shamba lenye mimea mirefu na mifupi, magunzi makubwa na madogo, ilhali mbegu aliyonunua dukani ilimpa shamba lililolingana kama askari kwenye gwaride.

Na katika boma jingine, mke aliyejaaliwa mabinti watano huendelea kusimangwa na wakwe kwa kuwa hajaleta mrithi wa kiume. Wapo wanawake ambao wamepoteza ndoa zao kwa sababu hiyo, na wengine wameingiliwa na mke wa pili bila kuulizwa.

Mambo haya matatu yanaonekana kuwa mbalimbali kama mashariki na magharibi. Hata hivyo, chanzo chake ni kimoja. Yote yanatokana na kazi inayofanyika ndani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, kazi ambayo wanasayansi huiita meiosisi. Anayeielewa kazi hiyo hupata majibu ya maswali yote matatu, na pengine huokoa shamba, au nyumba.

HESABU ISIYOKWEPEKA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli. Ndani ya kiini cha seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu, ambazo hubeba jeni, yaani maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Binadamu ana kromosomu 46. Idadi hii haikujulikana kwa usahihi hadi mwaka 1956, wakati Joe Hin Tjio na Albert Levan walipoichapisha kutokana na utafiti wao mjini Lund, Sweden. Kabla ya hapo, vitabu vilifundisha kwamba kromosomu za binadamu ni 48.

Kromosomu hizo 46 ni jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa baba na nyingine kwa mama. Ni kana kwamba kila mtu amerithi maktaba mbili ndogo zenye juzuu 23 kila moja: seti moja ya upande wa baba na seti moja ya upande wa mama. Juzuu ya kwanza ya baba na juzuu ya kwanza ya mama huzungumzia mada zile zile, ingawa maneno hutofautiana hapa na pale.

Seli za kawaida za mwili, kama zile za ngozi au za mifupa, zinapoongezeka hunakili juzuu zote 46 na kuipa kila seli mpya nakala kamili. Mgawanyiko huo huitwa mitosisi. Ndio unaomkuza mtoto, na ndio unaoponya kidonda.

Lakini uzazi hauwezi kutumia njia hiyo. Iwapo yai la mama lingekuwa na kromosomu 46 na mbegu ya baba nayo iwe na 46, mtoto angezaliwa na 92, mjukuu 184, na kitukuu 368. Vizazi vichache tu vingetosha kuufanya uhai ushindikane.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi Mjerumani August Weismann alihoji kwamba ni lazima kuwe na mgawanyiko wa namna ya pekee unaopunguza idadi hiyo hadi nusu kabla ya yai na mbegu kukutana. Edouard van Beneden wa Ubelgiji alikuwa tayari ameona, mwaka 1883, kwamba yai na mbegu ya mnyoo wa farasi huchangia idadi sawa ya kromosomu. Mwaka 1905, Waingereza Farmer na Moore waliupa mgawanyiko huo jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupunguza.

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Meiosisi hufanyika katika viungo vya uzazi pekee: korodani za mwanamume, ovari za mwanamke, na ndani ya maua ya mimea. Huanza kama mgawanyiko wa kawaida, kwa kila kromosomu kunakiliwa. Nakala mbili za kila kromosomu hubaki zimeshikamana kama pacha waliounganishwa kiunoni.

Kisha hutokea jambo ambalo halitokei katika mitosisi. Kromosomu za jozi moja hutafutana. Ya kwanza ya baba huitafuta ya kwanza ya mama, ya pili huitafuta ya pili, hadi jozi zote zikutane na kulala ubavu kwa ubavu, mwanzo hadi mwisho.

Zikiwa zimekumbatiana hivyo, hubadilishana vipande. Ukurasa wa juzuu ya baba huhamia kwenye juzuu ya mama, na ukurasa uo huo wa mama ukahamia kwa baba. Hakuna ukurasa unaopotea wala kurudiwa. Kinachobadilika ni mpangilio. Kwa hiyo, juzuu itakayomfikia mtoto si ile aliyoandika babu wala ile aliyoandika bibi, bali ni mchanganyiko wa maandishi yao wawili.

Ubadilishanaji huo huzaa faida nyingine. Vifundo vinavyobaki mahali vipande vilipobadilishana huzishika jozi pamoja, zisiachane kabla ya wakati wake.

Halafu jozi hujipanga katikati ya seli. Nyuzi nyembamba hutoka pande mbili za seli, zikashika kila kromosomu na kuivuta. Katika mgawanyiko wa kwanza, jozi hutengana: mmoja wa wawili huenda huku, mwenzake kule. Seli mbili zinazopatikana zina kromosomu 23 kila moja, ingawa bado kila kromosomu ina nakala mbili.

Mgawanyiko wa pili hufuata bila kunakili tena. Safari hii, nakala zilizoshikamana ndizo zinazotengana. Mwishowe, kutoka seli moja hupatikana seli nne zenye kromosomu 23 zisizo na jozi.

Kwa mwanamume, zote nne huwa mbegu za uzazi. Kwa mwanamke, karibu chakula chote cha seli hupewa moja tu, ambayo huwa yai. Nyingine hubaki vijiseli vidogo ambavyo hufa, kwa maana yai linahitaji akiba ya kumlisha mtoto katika siku zake za mwanzo.

KWA NINI NDUGU HAWAFANANI

Jozi zinapojipanga katikati ya seli, hakuna sheria inayosema kromosomu zote za baba zikae upande mmoja. Kila jozi hupiga kura yake yenyewe. Kwa jozi 23, idadi ya michanganyiko inayowezekana ni mbili ikizidishwa kwa mbili mara 23, yaani 8,388,608.

Hiyo ni hesabu ya mzazi mmoja. Anapokutana na mwenzake mwenye michanganyiko mingine kama hiyo, idadi ya watoto tofauti wanaoweza kupatikana kutoka kwa wazazi wale wale hupita trilioni 70, na hapo vipande vilivyobadilishana bado havijahesabiwa.

Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa kimo, sauti, rangi na afya. Ndiyo maana pia wazazi wawili wasio na ualbino huweza kumpata mtoto mwenye ualbino. Kila mmoja wao hubeba jeni moja ya hali hiyo iliyofichwa na mwenzake mzima, na katika kila ujauzito kuna nafasi moja kati ya nne kwamba yai na mbegu zote mbili zitaibeba. Katika hali hiyo hakuna laana wala uzinzi, bali ni kura tu.

Mila ya Abagusii ya kukataza ndoa ndani ya ukoo mmoja huonyesha hekima yake inapotazamwa kwa jicho hili. Watu wa damu moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba jeni ile ile iliyojificha. Anayeoa mbali hupunguza uwezekano wa mafichuo hayo mawili kukutana ndani ya mtoto mmoja.

MAMA HALAUMIKI

Kati ya jozi 23 za binadamu, ipo moja inayoamua jinsia. Mwanamke ana kromosomu mbili za aina ya X. Mwanamume ana X moja na Y moja.

Meiosisi inapozitenga jozi za mama, kila yai hupata X, kwa kuwa hana kitu kingine cha kutoa. Inapozitenga jozi za baba, nusu ya mbegu hupata X na nusu hupata Y. Mbegu yenye X ikilifikia yai, mtoto huwa wa kike. Ikitangulia yenye Y, mtoto huwa wa kiume.

Ukweli huu si wa jana. Mwaka 1905, mtafiti Nettie Stevens wa Chuo cha Bryn Mawr, Marekani, alichunguza mbawakawa mmoja anayekula unga. Aligundua kwamba dume hutoa mbegu za aina mbili, na kwamba aina hizo ndizo zinazoamua jinsia. Edmund Wilson, Mmarekani mwingine, alifikia matokeo kama hayo mwaka uo huo. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, sayansi imekuwa ikimwondolea mwanamke lawama ambayo jamii nyingi zimeendelea kumtwika.

Hata hivyo, kumhamishia baba lawama hiyo ni kukosea tena. Baba hachagui mbegu itakayotangulia. Kila ujauzito ni kura mpya isiyokumbuka iliyopita. Kati ya familia 32 zenye watoto watano, kwa makadirio, moja itakuwa na mabinti watupu na nyingine wavulana watupu, hata bila ya mtu yeyote kufanya kosa.

Suala hili lina uzito wa pekee Kisii na Nyamira, ambako msongamano wa watu ni mkubwa na mashamba yamegawanywa hadi kuwa vipande vidogo. Kwa mila, shamba lilipitia kwa wana wa kiume. Mwanamke asiye na mwana aliogopa uzee wake. Ndiyo sababu ilikuwapo desturi ya mwanamke wa aina hiyo kumtolea mahari msichana ili amzalie mrithi kwa niaba ya nyumba yake.

Sheria ya nchi sasa inasema mengine. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huzungumzia watoto bila kutenga wa kike na wa kiume. Nayo Katiba ya mwaka 2010 hupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi. Binti anaweza kurithi. Kwa hivyo, hoja ya kumfukuza mama wa mabinti haina mguu wa kusimamia, si kwa biolojia wala kwa sheria.

YAI LINALOSUBIRI MIAKA 40

Ipo tofauti nyingine kubwa kati ya mama na baba. Mwanamume huanza meiosisi anapobalehe na kuendelea nayo hadi uzeeni. Kutengeneza mbegu huchukua muda wa miezi miwili hivi.

Mwanamke huanza kazi hiyo akiwa bado tumboni mwa mama yake. Jozi za kromosomu hukumbatiana, hubadilishana vipande, kisha kazi husimama. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai machanga yapatayo milioni moja hadi mbili, yote yakiwa yamesimama katikati ya hatua hiyo. Ni mayai 400 hivi tu yatakayokomaa maishani mwake, moja kila mwezi. Mgawanyiko wa pili nao haukamiliki hadi mbegu ya baba iingie ndani ya yai.

Yai analolitoa mama wa miaka 40, kwa hiyo, limesubiri kwa zaidi ya miaka 40. Katika muda huo mrefu, viungo vinavyozishikilia jozi hulegea. Wakati wa kutengana, jozi moja huweza kwenda nzima upande mmoja, yai likapata kromosomu 24 badala ya 23.

Mimba nyingi za namna hiyo huharibika mapema, na mama huenda asijue hata kwamba alikuwa na ujauzito. Lakini kosa likihusu kromosomu ya 21, mtoto huweza kuzaliwa na kuishi akiwa na kromosomu 47. Hiyo ndiyo sindromu ya Down, ambayo chanzo chake kilielezwa mwaka 1959 na Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake.

Uwezekano wa kumpata mtoto wa aina hiyo ni takribani mmoja kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20, na hupanda hadi karibu mmoja kati ya 100 akifika miaka 40. Hata hivyo, watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na akina mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi.

Mtoto huyo si adhabu, na mama yake hakufanya lolote la kumsababishia hali hiyo. Hapaswi kufungiwa ndani wala kufichwa wageni wafikapo. Anachohitaji ni kuchunguzwa moyo mapema, kwani wengi huzaliwa na kasoro za moyo, kisha kupelekwa shule kama watoto wengine.

MAHINDI NA CHAI

Shamba nalo lina meiosisi yake. Mahindi yana kromosomu 20, yaani jozi 10. Kwa hakika, mmea huu ndio uliowapa Harriet Creighton na Barbara McClintock wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ushahidi wa mwaka 1931 kwamba kromosomu hubadilishana vipande kwelikweli.

Nchini Kenya, mbegu chotara ya kwanza ya mahindi, H611, ilitolewa Kitale mwaka 1964. Mbegu chotara hupatikana kwa kuzichanganya kwa makusudi aina mbili zilizochaguliwa. Kila punje ya kwenye pakiti hubeba nusu kutoka upande mmoja na nusu kutoka upande mwingine. Muungano huo ndio unaoipa nguvu, na ndio unaolifanya shamba lilingane.

Mkulima anapopanda punje za mavuno yake, huwa anapanda watoto wa chotara. Ndani ya maua ya mama zao, meiosisi imekwisha kuzitenga jozi na kuzichanganya upya. Baadhi ya punje hupata nakala mbili za jeni dhaifu, nyingine hukosa ule muungano uliokuwa siri ya nguvu. Mavuno hushuka.

Wapo wakulima wanaodhani kwamba kampuni za mbegu hutia dawa ili punje zisizae tena. Kisa si hicho. Kinachovunja muungano ni maumbile yenyewe. Mkulima asiye na uwezo wa kununua mbegu kila msimu anaweza kutafuta aina zisizo chotara, ambazo hujirudia vizuri zaidi, mradi ateue mbegu kutoka katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.

Katika majani chai, zao linaloingizia nyumba nyingi za Nyamira na Kisii riziki, wakulima waliamua kuikwepa meiosisi kabisa. Chai ina kromosomu 30 na kwa kawaida huchavushwa na mmea mwingine, hivyo kila mbegu yake huota mti wa tabia tofauti. Ndiyo maana mashamba hupandwa vipandikizi vya matawi ya aina zilizothibitishwa na watafiti wa Kericho, kama ile iitwayo TRFK 6/8. Kila mche huwa nakala ya mama yake.

MGOMBA ULIOSHINDWA KUGAWA

Tofauti na mkulima wa chai, mgomba haukuchagua kuikwepa meiosisi, uliishindwa.

Migomba ya mwituni, ambayo asili yake ni Asia ya kusini mashariki, ina kromosomu 22, yaani jozi 11. Tunda lake limejaa mbegu ngumu kama changarawe, na nyama yake ni haba. Wakati fulani kale, meiosisi ya mmea mmoja ilikosea ikatoa yai lisilopunguzwa, lenye kromosomu 22. Chavua ya kawaida yenye 11 ilipolifikia, ulizaliwa mgomba wenye kromosomu 33.

Migomba ya kupika ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ile inayozaa matoke, ni ya ukoo huo wa 33. Vivyo hivyo aina ya Gros Michel, ambayo Wakenya huiita Kampala, na zile za Cavendish.

Tatizo linaonekana mara moja likitazamwa kwa mfano wa juzuu. Badala ya seti mbili, zipo tatu. Wakati wa kutafutana wenzi ukifika, kila kundi lina watatu. Wawili wakienda huku, mmoja huenda kule, na kila moja ya makundi 11 huamua kivyake. Ili yai lipate seti kamili, ama moja au mbili, ni lazima makundi yote 11 yaangukie upande ule ule. Kwa hesabu ya bahati nasibu, hilo hutokea mara moja tu katika 1,024.

Mayai mengine yote hubeba maktaba iliyopungua juzuu fulani na kurudia nyingine. Hayawezi kuzaa mbegu hai. Vidoadoa vyeusi ndani ya ndizi ndivyo ushahidi wa majaribio hayo yaliyoshindwa. Hata hivyo tunda hukua, kwa sababu mababu wa mkulima walichagua migomba yenye sifa ya pekee: kunenepesha ndizi bila kusubiri kuchavushwa.

Matokeo yake ni kwamba mgomba huenezwa kwa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa mama. Chipukizi huzaliwa kwa mitosisi, na kwa hiyo ni nakala. Mgomba ulioko Keroka na ule wa Ogembo, kama ni wa aina moja, ni mmea ule ule uliokatwa vipande na kusambazwa kwa mikono ya watu kwa karne nyingi.

HATARI YA KUFANANA

Kufanana huko kuna utamu wake, kwani mkulima hujua atakachovuna. Lakini kuna ubaya pia. Ugonjwa unaoweza kuua mgomba mmoja huweza kuua yote ya aina hiyo, kwa kuwa hakuna hata mmoja uliopata mchanganyiko tofauti wa kujikinga.

Ndivyo ilivyotokea Amerika ya Kati katika karne ya 20. Kuvu ya udongoni isababishayo mnyauko iliangamiza mashamba ya Gros Michel, na kufikia miaka ya 1960 biashara ya kimataifa ilikuwa imehamia Cavendish. Sasa kuvu ya aina nyingine, inayoishambulia Cavendish yenyewe, imevuka bahari; mwaka 2013 ilithibitishwa kuwapo Msumbiji.

Mnyauko mwingine, unaosababishwa na bakteria, uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na kufika magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Huo hauchagui: hushambulia karibu kila aina ya migomba inayolimwa.

Miche ya maabara, ambayo ilianza kusambazwa kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990, imesaidia sana. Hata hivyo, ni vyema ieleweke inachofanya na isichofanya. Haijabadilishwa jeni. Huzalishwa kutoka kwenye kitovu safi cha mgomba mzuri, hivyo huingia shambani bila magonjwa wala minyoo. Lakini bado ni nakala. Ikipandwa kwenye udongo wenye ugonjwa, au ikikatwa kwa panga lililochafuka, nayo itanyauka kama mama yake.

Ili kupata aina mpya kabisa, ni lazima mgomba ushawishiwe kufanya kile ulichokishindwa. Watafiti wa Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo la Uganda (NARO) na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA) wamekuwa wakiifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Baadhi ya migomba ya matoke, kwa nadra, hutoa yai zima lisilopunguzwa. Watafiti huyachavusha maua kwa mkono kwa chavua ya mgomba wa mwituni, kisha hutafuta mbegu mojamoja ndani ya mikungu mingi, na kuzilea vijusi vyake maabarani.

Wanaopatikana huwa na kromosomu 44. Kwa kuwa 44 hugawanyika sawasawa, meiosisi hufanya kazi tena. Wakichanganywa na wa 22, hutoa 22 kwa 11, na watoto wao hurudi kuwa 33: ndizi isiyo na mbegu, lakini yenye urithi mpya. Kwa njia hiyo, Uganda iliidhinisha mwaka 2010 aina ya matoke iitwayo Kabana 6H, ambayo wakulima waliibatiza jina la Kiwangaazi.

LA KUFANYA

Kwa mkulima wa Kisii na Nyamira, somo la kwanza ni kutoweka mayai yote katika kapu moja. Shamba lenye aina tatu au nne za migomba lina kinga ambayo shamba la aina moja halina. Aina za zamani zilizodharauliwa kwa kuwa hazina soko zising'olewe zote, maana huenda ndani yake mna jeni itakayohitajika kesho.

La pili ni usafi. Panga lipitishwe motoni au lisafishwe kwa dawa ya kuondoa madoa kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda pindi chana ya mwisho inapotokeza, ili wadudu wasilete bakteria. Machipukizi yasiombwe kutoka shamba lenye migomba iliyonyauka, hata kama ni la ndugu. Ushauri zaidi hupatikana kwa maafisa wa kilimo wa kaunti na katika kituo cha KALRO kilichoko Kisii.

Na kwa familia, somo ni kwamba mtoto hachaguliwi kama mbegu ya dukani. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ni kura moja kati ya mamilioni ya mamilioni, ambayo haijawahi kupigwa kabla yake na haitarudiwa baada yake. Mgomba ulikosa bahati ya kupiga kura hiyo, na leo hii unalindwa kwa panga safi na jasho la watafiti. Binadamu aliyejaaliwa kuipiga hana sababu ya kumlaumu mtu kwa matokeo yake.